Habasoda, Uwatu na Dawa za Kisukari

Dada zetu wengi wenye kisukari hutuuliza: je, habasoda na uwatu vyatosha bila dawa za hospitali? Habasoda imetajwa kwa sifa katika Hadithi, na ute wa uwatu hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hayo hatuyakanushi. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) aliyeisifu habasoda ndiye aliyetuhimiza kutafuta tiba, na dawa ya daktari nayo ni tiba.

Anayetegemea insulini akiiacha, hata kwa siku chache, huhatarisha uhai wake. Na anayechanganya uwatu mwingi na dawa zake bila kumwarifu daktari, sukari yaweza kumshuka kupita kiasi: atetemeke, atokwe na jasho, achanganyikiwe. Maadamu aweza kumeza, apewe upesi maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, kisha apimwe. Mjamzito naye asinywe uwatu kama dawa kabla ya kuuliza kliniki.

Asali na tende ni neema, lakini nazo zina sukari, zihesabiwe.

Tiba ya chakula huanzia jikoni. Wali upungue sahanini, mchicha na kunde ziongezeke, chai inywewe bila sukari. Nyumba nzima ikila hivyo, mgonjwa hatajiona ametengwa.

Mwili ni amana, na kuutunza ni ibada. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.