Ndani ya Milki au Nje Yake: Malazi ya Mgeni wa Walt Disney World

Walt Disney alipofungua bustani yake ya burudani, Disneyland, mjini Anaheim katika jimbo la California mwezi wa Julai 1955, juu ya ekari 160 zilizokuwa mashamba ya michungwa, mtaji ulikuwa umempungukia hata hoteli ya jirani ikajengwa na tajiri mwingine, Jack Wrather. Na haukupita muda mrefu kabla ya nyumba za wageni za kila namna kuizingira bustani ile, zikichuma mapato ya watu ambao yeye ndiye aliyewavuta kufika pale. Jambo hilo lilimkera sana. Alipoazimia kujenga bustani ya pili, aliwatuma mawakala wanunue ardhi kwa siri karibu na Orlando, Florida, kwa majina ya makampuni yasiyojulikana na mtu, hata akapata ekari zipatazo 27,000. Na ijapokuwa mauti yalimfika Desemba 1966 kabla ya kazi kutimia, Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na hoteli zake yenyewe, Contemporary na Polynesian Village, ndani ya milki hiyo hiyo.

Tangu wakati huo kila mkuu wa familia anayekusudia safari hiyo hukabiliwa na shauri la kulala ndani ya milki au nje yake, na aghalabu huliamua kwa kutazama bei ya chumba peke yake, ambayo ndani huwa juu na nje huwa chini. Kwa rai yangu hicho ni kipimo pungufu, maana kitu anachonunua mgeni wa ndani, zaidi ya kitanda, ni wakati. Mgeni wa hoteli yoyote ya Disney huruhusiwa kuingia katika bustani zote nne nusu saa kabla ya umma, na asiyepata kusimama katika foleni za adhuhuri huenda akaidharau nusu saa hiyo, ilhali ndiyo saa ambayo mchezo unaosubiriwa baadaye kwa muda mrefu hupandwa kwa subira ndogo. Wageni wa hoteli za daraja la juu huongezewa saa za usiku katika baadhi ya siku. Fauka ya hayo, mabasi, mashua, treni ya reli moja na, tangu mwaka 2019, vibanda vinavyopita angani kwa waya, vyote huwachukua wageni bila malipo. Na gari la mgeni wa ndani halitozwi maegesho bustanini, wala hotelini, kwa kuwa ada ya hoteli iliyoanzishwa 2018 iliondolewa mwanzoni mwa 2023. Lakini basi la bure kutoka uwanja wa ndege lilikoma mapema 2022, na yeyote anayepanga safari kwa masimulizi ya jamaa waliotangulia na alitambue hilo.

Wenye watoto wadogo hufaidi kuliko wote. Jua la Florida katika miezi ya kiangazi ni kali, na mvua ya radi hunyesha mara kwa mara alasiri, hivyo mtoto wa miaka mitatu huhitaji kurudishwa chumbani apumzike kisha atoke tena jioni. Anayelala Contemporary hufika kwa miguu lango la Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo nne. Hata hivyo, kuwa ndani si lazima kuwa karibu, kwa sababu milki ni pana mno, na mgeni wa hoteli za bei nafuu za All-Star hutegemea basi kwa kila safari yake.

Huko nje, katika mji wa Kissimmee na kando ya barabara ya 192, zimejaa nyumba nzima za kupangisha zenye vyumba vingi, jiko, mashine ya kufulia na mara nyingi bwawa la kuogelea. Hapa ndipo ninapowafikiria jamaa zetu walioweka makazi Marekani, ambao hawasafiri watu wanne, bali hufuatana na bibi, shangazi na watoto wa ndugu. Chumba cha kawaida cha hoteli huruhusu watu wanne. Jamaa wanane watalipia viwili na kutawanyika, hali nyumba moja ingewakusanya wote mezani usiku, tena wakapika wali wao na nyama iliyochinjwa kwa halali. Ni neema kubwa, na siwezi kuihesabu kuwa kitu kidogo kando ya foleni fupi.

Neema hiyo ina gharama zake. Itapasa kukodi gari na kulipa maegesho ya bustani kila siku. Na anayeegesha kwa ajili ya Magic Kingdom hushukia ng'ambo ya ziwa, ambako hana budi kupanda tena treni au kivuko ndipo alifikie lango, na asubuhi yake ikapungua. Nyingi za hoteli za nje, kadhalika, hutoza ada ya kila siku isiyoonekana katika bei ya kwanza.

Iko pia njia ya katikati. Hoteli za Swan na Dolphin, zilizofunguliwa 1990, zimo ndani ya milki ingawa haziendeshwi na Disney, na wageni wake huingia mapema. Hoteli kadhaa za mtaa wa Disney Springs nazo zimepewa fadhila hiyo. Kwa anayekwenda Universal, jirani na mshindani wa Disney, hesabu hugeuka kabisa, kwa kuwa hoteli zake tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa kila mgeni kibali cha kukwepa foleni ndefu katika bustani mbili za kwanza za Universal, na jamaa wa watu watano ambao wangenunua kibali hicho kichwa kwa kichwa huenda wakakuta chumba cha gharama ndicho kilicho rahisi.

Tukirudi ndani ya milki ya Disney, hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, ina roshani zinazotazama twiga na punda milia, jengo liitwalo Jambo House, na migahawa ya Boma na Jiko. Aliyekulia Voi au Arusha hana haja ya kulipa ziada kwa mandhari hayo. Lakini mtoto wetu aliyezaliwa Minnesota, asiyepata kuona mnyama wa nchi ya babu yake, ana haki ya kufurahi hapo.

Basi, mwenye siku mbili au tatu na watoto wadogo na alale ndani, hata kama ni katika chumba cha bei ya chini kabisa. Mwenye juma zima na jamaa wengi na apange nyumba nje bila kusononeka. Na kabla ya kulinganisha bei, ongeza kodi: asilimia 12.5 katika wilaya ya Orange, zilimo hoteli nyingi za Disney, na 13.5 katika wilaya ya Osceola, ulimo mji wa Kissimmee.