Je, Wajua? Kamera ya kiwandani hujieleza yenyewe

Kamera nyingi za kiwandani hazina vitufe wala kioo. Kila kitu hupangwa kwa programu ya kompyuta. Chini ya kanuni ya pamoja ya GenICam, iliyotoka 2006, kamera hubeba faili la XML linalotaja mipangilio yake yote, hivyo programu ya kampuni moja huweza kuiongoza kamera ya kampuni nyingine.

Mpangilio wa kuchungwa zaidi ni muda wa kupokea mwanga. Chupa ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, ndani ya milisekunde 1 tu imeshasogea milimita 2, na maandishi ya lebo hayasomeki. Mikrosekunde 50? Milimita 0.1. Ila taa ziwe kali kwelikweli. Ukikwepa gharama ya taa hizo kwa kuongeza gaini, yaani ukuzaji wa ishara ya kamera, picha hujaa chengachenga.