Mama, Nenda na Swali Lako

Akina mama wengi hudhani kwamba mkutano wa kumsikiliza mwandishi mashuhuri ni wa wasomi wa mjini. Sivyo. Mwandishi huandika habari za watu, na watu ndio sisi.

Tumtazame Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948. Riwaya yake Paradise, ya mtoto anayekabidhiwa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya madeni ya baba yake, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa Kiswahili tuliipata mwaka 2022, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Je, hilo si swali la kuuliza mkutanoni: kwa nini sisi wenye habari tufikiwe mwisho?

Kutoka Ras Kisimani safari si ndogo: Kilindoni kwanza, kisha boti hadi Nyamisati, ndipo basi la Dar es Salaam. Mwenye mtoto mchanga atawezaje? Basi tuchange nauli, aende mmoja wetu. Kabla hajaondoka tusome kitabu pamoja, na maswali ya kila mmoja yaandikwe daftarini. Sisi wauguzi tunayaona hayo kliniki: mama ajaye na maswali ndiye aondokaye na majibu.

Akirudi atusimulie, watoto wakiwapo. Mtoto akisikia kwamba mwandishi huyo alizaliwa kisiwani kama yeye, huenda naye akaomba daftari. Mama, mnunulie.