Kompyuta Inayozimika Ghafla

Je, umewahi kuona kompyuta ikizimika yenyewe wakati mtu anaitumia? Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Watu wengi hukasirika, wakaanza kubadilisha vipuri ovyo. Katika somo hili tutajifunza kutafuta chanzo cha hitilafu kwa njia ya kisayansi.

Tuseme kwamba mama mmoja ana duka la kuchapa kazi huko Usagara, mjini Tanga. Kompyuta yake ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Alipotaka kutengeneza video za arusi, alimwita fundi, naye akatia vipuri viwili vipya kwa siku moja. Cha kwanza kilikuwa kibao cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita ramu. Cha pili kilikuwa kadi ya picha, yaani kipuri kinachoiwezesha kompyuta kuonyesha picha kwa wepesi. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inazimika mara kwa mara. Video ya arusi iliyotakiwa Jumamosi ilipotea mara mbili. Mama alitaka kuitupa kadi ile, ingawa aliinunua kwa akiba yake yote.

Kutazama na kuandika

Binti yake alimwambia, "Mama, tusiitupe kwanza. Tuandike kila inapozimika."

Kwa siku tatu waliandika katika daftari saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na hali ya joto. Walipochapa barua kwa saa mbili, kompyuta haikuzimika. Walipotengeneza video, ilizimika baada ya dakika chache. Ilikuwa hivyo mchana wa jua kali na usiku wa baridi. Feni zake zilizunguka vizuri, wala hazikuwa na vumbi. Basi wakaona kwamba joto silo chanzo.

Daftari la namna hii lina faida kubwa. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, walimkuta nondo amenaswa katika swichi moja ya kompyuta iliyoitwa Mark II. Walimbandika nondo huyo katika daftari lao la kazi, wakaandika habari zake. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo.

Kubadilisha kitu kimoja tu

Fundi alirudi. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, kisha akaondoa ramu mpya peke yake. Vitu vingine vyote aliviacha kama vilivyokuwa. Walipotengeneza video, kompyuta ilizimika tena. Akairudisha ramu, akaondoa kadi ya picha. Safari hii kazi ilikwenda polepole, lakini kompyuta haikuzimika.

Je, kadi ilikuwa mbovu? Fundi hakukata shauri upesi. Aliitia kadi ile katika kompyuta nyingine, nayo ikafanya kazi siku nzima bila kuzimika. Kadi ilikuwa nzima!

Chanzo cha hitilafu

Ndani ya kompyuta kuna kisanduku kinachopokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza ufae kwa vipuri. Mafundi hukiita pawasaplai. Kila pawasaplai ina kipimo cha nguvu inachoweza kutoa, nacho huhesabiwa kwa wati. Tazama hesabu ya kompyuta ya mama huyu inapofanya kazi nzito:

Vipuri vya zamani na ramu: wati 180
Kadi ya picha: wati 120
Jumla: wati 300
Uwezo wa pawasaplai: wati 250

Vipuri vilidai nguvu kuliko uwezo wa pawasaplai, nayo ikajizima ili isiungue. Ni kama jahazi lililofungwa tanga kubwa kwenye mlingoti wa zamani. Upepo ukiwa mdogo, jahazi huenda salama. Upepo ukivuma kwa nguvu, mlingoti huvunjika, ingawa tanga halina tundu hata moja.

Fundi alitia pawasaplai ya wati 400. Video ikamalizika, na kadi haikutupwa.

Jambo la kukumbuka: Kitu kilichobadilishwa mwisho huchunguzwa kwanza, lakini kisihukumiwe kabla ya kujaribiwa.

Hadhari: Usifungue kompyuta bila mtu mzima mwenye ujuzi. Usifungue pawasaplai kamwe, kwa maana huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Maswali

1. Kwa nini fundi hakuondoa ramu na kadi kwa pamoja?
2. Ni jambo gani lililoandikwa katika daftari lililoonyesha kwamba joto silo chanzo?
3. Pawasaplai ina uwezo wa wati 300. Vipuri vya zamani hutumia wati 190, na kipuri kipya wati 90. Je, uwezo huo unatosha? Zimebaki wati ngapi?
4. Tochi ya nyumbani haiwaki. Una betri nyingine na balbu nyingine zilizo nzima. Eleza, hatua kwa hatua, jinsi utakavyotafuta chanzo.