Kitambi cha Mjomba: Pesa au Hatari?

Tuseme mjomba wako anaendesha basi la Mtae hadi Lushoto. Kutwa kakaa. Kitambi kimetoka, watu wanamsifia: "Pesa hiyo!" Wewe unaonaje?

Azima futi kamba ya fundi cherehani. Mzungushie tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Tumbo lisifike nusu ya urefu wake. Ana sentimita 170? Nusu ni 85. Kumbe tumbo lake ni 98! Mafuta yanayozunguka ini na utumbo huifanya insulini ishindwe kazi, sukari ikabaki kwenye damu.

Utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania, uliochapishwa 1989, ulikuta kisukari kwa karibu mtu mzima 1 kati ya 100. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa ulikuta 9 kati ya 100 wenye miaka 25 hadi 64.

Lakini futi haithibitishi ugonjwa. Hata mwembamba huupata. Jibu liko kwenye kipimo cha damu, kabla macho na figo havijaharibika. Basi mwambie kwa heshima: "Shikamoo mjomba. Twende kituo cha afya tukapime."