Kubadili Maumbile ya Magari ya Chama: Hatari Zake na Masharti ya Sheria



Kila unapokaribia msimu wa ununuzi wa mazao, vyama vingi vya msingi hupeleka magari yao gereji ili yafanyiwe matengenezo. Jambo hilo ni jema na lastahili kupongezwa. Hata hivyo, katika kukagua hati za malipo imeonekana mara kwa mara kwamba chini ya neno "matengenezo" huandikwa pia kazi ambazo si matengenezo hata kidogo: kuinua kuta za bodi, kurefusha chasi, kuongeza vyuma vya springi, au kufunga viti katika gari la mizigo. Kazi hizo hulibadili gari likawa gari jingine. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mabadiliko ya namna hiyo ni ya hatari, sheria inasema nini, na chama kifuate utaratibu gani kabla ya kumruhusu fundi kuwasha moto wake.

Matengenezo na mabadiliko

Kutengeneza ni kukirudisha kitu katika hali aliyokusudia mtengenezaji wake. Kubadili ni kukipa umbo, ukubwa au kazi ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Ubao wa bodi uliooza ukiwekewa mwingine wa kipimo kile kile, hayo ni matengenezo. Ubao huo ukiongezewa mwingine juu yake ili gari libebe zaidi, hayo ni mabadiliko.

Yafaa ieleweke kwamba kujenga bodi hapa nchini si kosa. Tangu zamani malori yameletwa yakiwa na chasi na kebini tu, na mafundi wetu wakayajengea bodi za mbao au chuma. Tofauti ni kwamba bodi ya namna hiyo hufungwa katika sehemu zilizoandaliwa na kiwanda, na uzito wake huhesabiwa katika jumla ya uzito ulioruhusiwa. Ubaya huanza pale kazi inapofanywa bila hesabu.

Kazi ya chasi

Chasi ya lori ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Lori likipakiwa, mihimili hiyo hupinda kidogo na kisha hurudi. Wakati wa kupinda, mkazo mkubwa zaidi hukaa katika kingo za juu na za chini za mhimili, na sehemu ya katikati ya ubavu wake hupata mkazo mdogo. Ndiyo sababu viwanda hukataza kutoboa au kuchomelea kwenye kingo hizo. Tundu dogo la bolti likitobolewa ukingoni huwa mwanzo wa ufa, na ufa huo hukua kila siku gari linapopita barabara ya mashimo.

Moto wa kuchomelea nao una madhara yake. Chuma cha chasi nyingi hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Fundi akikichomelea bila kujua aina yake, sehemu iliyo kando ya mshono huweza kuwa laini au ikawa ngumu na yenye kuvunjika upesi. Mshono wenyewe huonekana mnene na wenye kutumainisha, kumbe udhaifu upo pembeni mwake, ambapo jicho halioni kitu. Aidha, katika magari ya siku hizi yenye vifaa vya elektroniki, umeme wa kuchomelea waweza kuviharibu vifaa hivyo endapo nyaya za betri hazikufunguliwa kwanza.

Kuinua kuta za bodi

Tuchukue mfano. Chama kina lori lililoruhusiwa kubeba tani 7. Bodi yake ina urefu wa mita 6, upana wa mita 2.3, na kuta za kimo cha mita 0.6. Nafasi iliyomo ni mita za ujazo 8 na robo hivi. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa kilo 720 kwa makadirio. Kwa hiyo bodi ikijaa mahindi hadi ukingoni hubeba takriban tani 6. Lori hilo liko salama.

Sasa kuta zikiinuliwa hadi mita 1.2, nafasi huongezeka mara mbili, na mahindi yakijaa hufika karibu tani 12. Hakuna aliyebadili ekseli, breki wala tairi. Vyote ni vile vile vilivyokadiriwa kwa tani 7. Ikiwa lori tupu lina tani 4.5, basi gari lililopaswa kuwa na jumla ya tani 11.5 sasa lina tani 16.5. Likiteremka Kitonga au Sekenke kwa mwendo ule ule wa zamani, breki zatakiwa kumeza nguvu iliyozidi kwa zaidi ya sehemu 40 katika kila 100. Breki hupata moto na kupoteza nguvu zake hapo hapo mtelemkoni, ambapo dereva hana tena la kufanya.

Zaidi ya hayo, mzigo uliopanda juu huinua kitovu cha uzito wa gari. Gari la namna hiyo hupinduka katika kona ambayo zamani lilikuwa likipita bila taabu.

Wanachama wa vyama vya pamba watauliza: je, si pamba ni nyepesi, na bila kuta ndefu lori huenda nusu tupu? Hoja hiyo ni ya haki. Pamba mbegu kwa ujazo ule ule haifiki hata nusu ya uzito wa mahindi. Lakini msimu wa pamba ukiisha, kuta hazishuki. Lori lile lile huazimwa kubeba mahindi, matofali au mchanga, na mpakiaji hujaza kadiri anavyoona nafasi. Kama kuta ndefu zinahitajika kwa pamba, ziwe za kufungua na kuondoa, zikubaliwe na mkaguzi wa magari, na zitunzwe ghalani msimu unapokwisha.

Kurefusha nyuma

Wapo wanaorefusha chasi nyuma ya ekseli ili bodi iwe ndefu. Hapa kanuni ya mizani ya kawaida yatosha kueleza. Kama umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 4, na tani 1.5 zikawekwa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito huo huinua mbele kama mtoto anavyoinuliwa katika mbao ya kupembea. Ekseli ya mbele hupunguziwa tani 0.75, na ekseli ya nyuma hubebeshwa tani 2.25. Usukani huwa mwepesi, tairi za mbele hazishiki barabara vizuri, na dereva hupiga kona gari lisimfuate. Wakati huo huo ekseli ya nyuma huelemewa kupita kiasi.

Kuongeza vyuma vya springi hakuondoi tatizo hilo. Springi ngumu huzuia tu gari lisionekane limelala. Uzito haukupungua; umehamia kwenye chasi, ekseli na tairi, na dalili iliyokuwa ikimwonya dereva imefichwa.

Barabara ni mali ya wote

Majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua upesi kuliko uzito wa ekseli. Kwa kanuni iliyopatikana hapo, ekseli ya tani 12 huiharibu barabara takriban mara mbili ya ekseli ya tani 10. Barabara hiyo ndiyo ipitishayo mazao ya mkulima mwaka ujao.

Sheria inasema nini

Kwanza, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari litumikalo barabarani liwe katika hali nzuri na lisihatarishe watu. Lawama haimwangukii dereva peke yake. Mwenye gari aliyeruhusu litumike naye hujibu, na mwenye gari ni chama.

Pili, kadi ya gari huonyesha namba ya chasi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, idadi ya ekseli, idadi ya viti na uzito. Gari likibadilishwa bila mamlaka ya usajili kuarifiwa, kadi husema jambo moja na gari husema jingine. Jambo la hatari kuliko yote ni kukata chasi na kuiunganisha na ya gari jingine. Namba ya chasi ikikatwa au kufutwa, chama chaweza kushukiwa kuwa na gari la wizi, na kuthibitisha ukweli huwa kazi ngumu.

Tatu, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, haipimi jumla ya uzito peke yake. Kila ekseli hupimwa. Kwa hiyo gari lililorefushwa nyuma laweza kukamatwa kwenye mizani hata kama jumla ya mzigo wake haikuzidi.

Nne, gari la mizigo halipati ruhusa ya kuchukua abiria kwa kufungwa mabenchi. Benchi lililochomelewa kwenye bodi halikupimwa kwa ajali, na waliokalia hawamo katika hesabu ya bima.

Bima na mfuko wa mwanachama

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Husema, "Gari lina bima, tatizo liko wapi?" Bima ni mapatano. Kampuni ilikubali kubeba hatari ya gari lililoelezwa katika fomu. Gari likibadilishwa bila kampuni kuarifiwa, kampuni yaweza kukataa kulipia lori lenyewe. Kuhusu watu wengine walioumia, sheria huwalinda ili walipwe. Lakini kampuni ikiisha kulipa kwa kulazimika hivyo, ingawa masharti yake kuhusu hali ya gari au uzito wa mzigo yalivunjwa, yaweza kurudi kwa mwenye gari na kudai fedha zake. Fedha hizo zitatoka wapi ila katika malipo ya mazao ya wanachama? Mkulima asiyewahi kuliona gereji lile atalipia mshono wake.

Utaratibu wa kufuata

Kabla ya kubadili gari lolote, Ndugu Katibu ahakikishe yafuatayo:

1. Pendekezo limejadiliwa na Bodi ya Uongozi na kuandikwa katika muhtasari, likionyesha sababu, gharama na uzito utakaozidi. Gharama ikipita kiwango cha Bodi, suala lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu.

2. Ushauri wa maandishi umepatikana kwa wakala wa kiwanda au mhandisi wa magari, na mkaguzi wa magari wa Polisi ameulizwa mapema.

3. Fundi ameandika kazi atakayofanya, sehemu kwa sehemu. Neno "matengenezo" peke yake lisikubaliwe katika hati ya malipo.

4. Baada ya kazi, gari limekaguliwa, mamlaka ya usajili na kampuni ya bima zimearifiwa kwa barua, na nakala zimetiwa katika jalada la gari.

5. Uzito wa mwisho wa mzigo umeandikwa kwa rangi mlangoni, na dereva amepewa haki ya kukataa kuuzidisha bila kuogopa kuadhibiwa.

Kwa vyama ambavyo magari yake yamekwisha badilishwa, shauri ni moja: yasingoje ajali wala mizani. Yapelekwe kukaguliwa kabla msimu haujafunguliwa, kuta zishushwe, na chasi zilizounganishwa zichunguzwe. Ikiwa mazao ni mengi kuliko uwezo wa lori, dawa yake ni safari ya pili, au kukodi gari pamoja na chama jirani. Kushirikiana huko ndiko kulikotufanya tuanzishe vyama hivi.