Randy Weston: Mpiga Piano wa Bluzi Aliyetanguliza Kiswahili

Mwalimu wa kwaya hapa Lupiro mwenye kinanda cha umeme huenda anao mdundo wa swingi ndani ya kinanda hicho, hata kama hajawahi kuutumia. Umo kwenye orodha ya midundo, jirani na valsi na bosanova. Akiubonyeza, ngoma zinaanza kuchechemea. Pigo haligawanywi tena nusu kwa nusu: sehemu ya kwanza inavutwa, ya pili inabanwa, na mguu wenyewe unatafuta sakafu.

Bluzi nayo haiko mbali na tunachokijua. Aliyefundishwa do-re-mi anaweza kuishika ramani yake kwa dakika chache: vipimo 12 vya mapigo manne manne na kodi tatu tu (za kinanda, si za TRA), zilizojengwa juu ya do, fa na so. Vipimo vinne vya do, viwili vya fa, viwili tena vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa, kisha viwili vya kumalizia kwa do. Kodi hizohizo kwaya zetu zinaziimba kila Jumapili. Ladha inabadilikia kwenye mi na ti. Mwimbaji wa bluzi huzishusha: mi inaegemea ma, ti inaegemea ta, na wala hatui sawasawa. Mpiga gitaa huvuta waya akaipata sauti hiyo ya katikati. Mpiga piano hana cha kuvuta, maana kati ya kibonye na kibonye hamna kitu. Basi huzigonga ma na mi karibu kwa pamoja, zigombane, na sikio la msikilizaji linamalizia kazi.

Randy Weston aliishi kwa kuzigonga hivyo. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank, mzaliwa wa Panama mwenye asili ya Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi, na alimlea mwanawe akimwambia kuwa yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mama alitoka Virginia, akaja na nyimbo za kanisa za watu weusi wa kusini. Kijana akarefuka kupita mita mbili, na viganja vyake vikawa vikubwa vya kufunika noti ambazo wengine huzirukia. Alipenda swingi ya mpiga piano Count Basie, kisha wapiga piano wenzake Duke Ellington, na Thelonious Monk, ambaye alimfundisha kwamba noti moja iliyogongwa mahali pake inatosha.

Alikwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi, akasimamia mgahawa wa baba yake. Mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 alipiga kwenye bendi za ridhimu na bluzi, zikiwamo za Bull Moose Jackson na Eddie Vinson. Shule ilikuwa huko. Kwenye bendi ya dansi mpiga piano hajionyeshi. Anaushika mdundo mpaka watu wachoke, na mkono wa kushoto ndio unaomlipa. Ukisikiliza rekodi zake za uzeeni bado utausikia mkono ule, ukichimba noti za chini kabisa kana kwamba piano ni ngoma kubwa. Kwa namna fulani ni ngoma kweli, kwa sababu kila kibonye huinua nyundo ya mbao na sufu inayogonga nyuzi za chuma.

(Huenda ugumu wa mashine hiyo ndio uliofanya piano isienee kwenye bendi zetu za dansi, hata zile zilizojiita jazi kama Morogoro Jazz. Nyuzi zake ni zaidi ya 200, uzito wake unataka watu kadhaa wa kuinua, na unyevu huivimbisha mbao na kuzivuruga sauti. Kuipeleka bonde la Kilombero, enzi za kuvuka mto kwa pantoni, kungekuwa kuitafutia mauti. Gitaa mtu hubeba begani.)

Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1954. Vibao kama Hi-Fly na Little Niles vilimjengea jina. Lakini kazi inayotuhusu sisi ni Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York Novemba 1960. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado: Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba, na bendera ya Mwingereza ilikuwa ingali juu.

Weston alitaka lugha ya Kiafrika itangulie muziki. Aliwauliza wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ingefaa kulisemea bara zima, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na sauti inayoyasema kwa Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Kwa hiyo, mwaka mzima kabla ya usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, wapigaji bora wa Marekani walikuwa wamekaa studio wakisubiri Mtanganyika amalize kutamka uhuru ndipo waingie.

Nao walikuwa wengi, zaidi ya 20: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Max Roach kwenye ngoma, Ron Carter kwenye besi. Mpangaji wa sauti alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni, na kwa maoni yangu nusu ya sifa za kazi hii ni zake. Alivipanga vyombo vya kupuliza vizungumze bila kuzifunika ngoma.

Sehemu ni nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Utaratibu huo unastahili kutazamwa. Mtu mwingine angeiweka bluzi mwanzoni, kama kilio cha utumwa, halafu uhuru uje kuifuta. Weston aliiweka mwisho, nayo inachezwa. Kwake bluzi haikuwa huzuni ya kuponywa. Ilikuwa muziki wa kusherehekea, kama alivyoujua kwenye kumbi za dansi.

Hata hivyo nina neno. Kiswahili kimo, ila ngoma si za Waswahili. Kati ya wapiga ngoma wa rekodi hiyo, Babatunde Olatunji alikuwa Myoruba wa Nigeria. Candido na Armando Peraza walikuwa Wakuba. Hamna mdundo unaofanana na sangula ya Wapogoro wala ngoma yoyote ya upande huu. Afrika Mashariki ilitoa ulimi, Magharibi ikatoa mikono. Simlaumu, mwaka 1960 New York angempata wapi mpiga sangula?

Makaburu waliipiga marufuku rekodi hiyo Afrika Kusini mwaka 1964. Weston mwenyewe alikuwa ameshafika Lagos mwaka 1961, akazunguka Afrika Kaskazini na Magharibi mwaka 1967 kwa ziara ya serikali ya Marekani, kisha akahamia Moroko. Mjini Tangier alifungua klabu, African Rhythms, akakaa na Wagnawa, wazao wa watu waliovushwa Sahara kama watumwa, ambao gambusi lao la nyuzi tatu, gimbri, hunguruma chini kabisa. Alisikia humo chimbuko la bluzi. Ningesema kwa tahadhari zaidi: Wagnawa na watu weusi wa Mississippi wana mababu waliotoka ukanda mmoja wa Saheli, wengine wakipelekwa kaskazini, wengine wakivushwa bahari. Ni undugu wa binamu, si wa mzazi na mtoto. Alirekodi nao mwaka 1992, na akaendelea kupiga hadi uzeeni. Alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92.